Mtoto amerithi kodiani ya vitufe, aanzie wapi?

Mama mmoja wa Nakuru ameniandikia kwamba mwanawe wa miaka 10 ameachiwa kodiani na babu yake, ile ndogo ya vitufe. Kila video anayomtafutia kwenye simu inaonyesha kodiani kubwa yenye meno kama ya piano. Anauliza kama aiuze anunue hiyo nyingine.

Usiuze, mama. Ngoja kwanza nikueleze yaliyonikuta mimi.

Kodiani ya namna hiyo Waingereza huiita melodeon, na hilo ndilo neno la kuandika kwenye simu unapotafuta masomo. Ukiandika jina la kodiani kwa ujumla utaletewa zile za meno, na masomo yake hayatamfaa mtoto hata kidogo. Kwenye kodiani ya meno noti ni ileile usukume au uvute mvukuto. Kwenye melodeon kitufe kimoja kina noti mbili, moja ya kusukuma na nyingine ya kuvuta, kama kinanda cha mdomo kinavyobadilika ukipuliza na ukivuta pumzi.

Hilo nililijua. Nilichokosa kujua ni cha pili, nacho kilimgharimu binti yangu miezi miwili.

Marehemu baba mkwe wangu alikuwa mpigaji wa mwomboko kule Murang'a. Yeye na kodiani yake, na kando mtu wa karing'aring'a, kile kichuma cha duara kinachogongwa. Alipofariki, kodiani ikamwangukia binti yangu, wakati huo akiwa na miaka 11. Nikamnunulia kitabu cha Uingereza chenye rekodi za kupiga nazo pamoja. Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri. Lakini kila alipopiga pamoja na rekodi, sauti ziligombana kama paka. Nikamwambia hasikilizi. Siku nyingine nikayarudia maneno hayo mbele ya wageni. Akaifunga kodiani kwenye sanduku lake, akalisukuma chini ya kitanda.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa kwaya aliyekuja nyumbani kwa shughuli nyingine kabisa. Alifungua kwenye simu programu ya kupimia sauti, ile ya wapiga gitaa, akabonyeza vitufe viwili vitatu. Safu ya nje ilikuwa ki ya C na ya ndani F. Kitabu kilikuwa cha kodiani ya D na G. Yaani mtoto alibonyeza sawasawa tangu siku ya kwanza, ila kila noti yake ilitoka chini ya ile ya rekodi kwa nusu-sauti mbili. Nilimwomba radhi. Akanijibu, "Si nilikuambia, Baba?" Kweli alikuwa ameniambia.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima safu zote mbili. Masomo mengi ya Uingereza ni ya D na G, ya Ufaransa ni ya G na C. Hizo, pamoja na C na F kama yetu, safu zake zimeachana kwa nafasi ileile, na vidole hutembea njia moja. Mtoto anaweza kufuata somo la D na G bila shida mradi asipige pamoja na rekodi, au ushushe rekodi nusu-sauti mbili kwa programu ya simu. Yetu tunaishusha hivyo hadi leo. Jihadhari tu na masomo ya Ireland, ambako kodiani nyingi ni za B na C. Hapo safu zimeachana nusu-sauti moja tu na vidole hufuata njia nyingine kabisa.

Kama mtoto yuko kwenye kwaya ya kanisa na anajua solfa, tayari ana nusu ya kitabu. Katika safu moja, kusukuma ni do, mi, so. Kuvuta ni re, fa, la, ti. Do ya kuanzia kwa kawaida iko kitufe cha 3 au cha 4. Apande: sukuma do, vuta re, kitufe kinachofuata sukuma mi, vuta fa, kinachofuata sukuma so, vuta la. Hapo ndipo watoto hukwama, kwa sababu baada ya la hasukumi. Anaendelea kuvuta, ti, kwenye kitufe kinachofuata, ndipo asukume do ya juu. Binti yangu alikaa siku 4 kwenye ti. Mwache akae. Na umwonyeshe mapema kitufe cha hewa kwenye upande wa mkono wa kushoto, maana anayeanza huishiwa na mvukuto katikati ya wimbo akaanza kuulazimisha.

Kuhusu rekodi za kusikiliza, nawapenda John Kirkpatrick na Andy Cutting wa Uingereza, na Sharon Shannon wa Ireland, huyu kwa masikio tu kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Video za mafunzo zipunguze mwendo hadi nusu kwenye simu yenyewe. Ki haibadiliki. Kama bando ni shida, tafuta nyimbo zilizoandikwa kwa mtindo wa ABC. Wimbo mzima huwa mistari michache ya herufi, unatumwa kwa WhatsApp kama salamu, na zipo programu za bure zinazousoma na kuupiga polepole.

Lakini mwomboko hatukuupata katika kitabu chochote cha Uingereza. Tulimwendea mzee mmoja aliyekuwa akipiga na baba mkwe. Binti yangu akamwomba, "Babu, tafadhali piga tena polepole." Mzee akacheka. "Polepole mimi siwezi, mjukuu wangu. Nikipunguza, vidole vinasahau." Basi nikamrekodi kwa simu, nyumbani tukaipunguza mwendo wenyewe. Tulirudi mara 3 na tuna nyimbo 4. Mwaka jana mzee alipatwa na kiharusi. Anaongea vizuri, anakula vizuri, ila mkono wa kushoto haushiki tena mkanda wa kodiani.

Mama wa Nakuru, kama yupo rafiki wa babu huyo aliye hai na anapiga, mwendee Jumamosi hii kabla ya kuagiza kitabu. Simamisha simu kwenye kiti, usiishike, na urekodi wimbo mzima mara mbili: mara moja ukiwa upande wa kulia wake, mara ya pili upande wa kushoto.

Na chombo chenyewe msikiache ndani ya gari juani. Ndimi za chuma zilizo ndani mara nyingi hushikiliwa na nta, na nta ikiyeyuka fundi atakayezirudisha si rahisi kumpata. Unyevu nao huzitia kutu. Sisi tunaiweka juu ya kabati, ndani ya sanduku lake, mbali na jikoni.

Nimesema upande wa kushoto kwa sababu mimi nilisahau. Rekodi zetu zote 4 zinaonyesha vidole vya kulia vizuri kabisa, na besi zinasikika tu, hazionekani. Siku hizi binti yangu huketi na mzee, akijaribu kitufe kimoja kimoja cha besi, na mzee hutikisa kichwa mpaka atakapokipata chenyewe. Wimbo wa kwanza umekamilika. Wa pili tutauanza likizo ya Agosti.