Wiki Tatu za Julai kwa Watafiti wa Ubongo

Kwa wakuu wa idara, wahadhiri wasaidizi na wanafunzi wa uzamili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, kutoka kwa wenzao walio ughaibuni.

Barua hii inahusu sayansi ya neva ya ukokotozi, yaani taaluma inayoeleza utendaji wa ubongo kwa milinganyo ya hisabati na kuijaribu milinganyo hiyo katika kompyuta. Hoja yake ni moja: mtafiti chipukizi aliye nyumbani anaweza kuingia katika taaluma hii sasa, iwapo chuo chake kitamwachia muda wa kujifunza.

Taaluma hii haikutegemea mashine za bei kubwa ilipoanza. Mwaka 1952, Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza, waliochunguza neva nene ya ngisi, walionyesha namna ioni za sodiamu na potasiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinavyopenya utando wa seli na kuzaa mshtuko wa umeme unaodumu kwa takriban milisekunde 1, ambao seli za neva huutumia kupashana habari. Walichokigundua kilitosha katika milinganyo tofautishi 4, yaani milinganyo inayoonyesha jinsi kiasi kinavyobadilika kadiri muda unavyopita, na Huxley aliikokotoa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Kazi hiyo iliwaletea Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Leo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida huitatua milinganyo hiyo kwa sekunde chache, na hilo pekee latosha kuondoa dhana kwamba utafiti wa ubongo ni wa nchi tajiri tu.

Mafunzo yenyewe, hata hivyo, yalikuwa mbali kwa muda mrefu. Kozi maarufu ya Woods Hole nchini Marekani, iliyoanza mwaka 1988, ina nafasi chache, na anayetoka Afrika huhitaji viza na nauli. Mwaka 2017 ilianza kozi ya Imbizo ya Afrika Kusini, ambayo hukutanisha vijana wa bara hili na wa kwingineko mwezi Januari. Badiliko kubwa zaidi lilikuja Julai 2020, janga la korona lilipofunga mipaka, ambapo shule iitwayo Neuromatch Academy ilifundisha zaidi ya wanafunzi 1,700 kwa intaneti kwa muda wa wiki tatu. Wanafunzi hugawanywa katika vikundi vidogo kwa kufuata saa za maeneo yao, kila kikundi kikiwa na mkufunzi msaidizi, hutatua mazoezi kwa Python, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, na hufanya mradi wa pamoja. Ada nayo hupangwa kwa kuzingatia gharama za maisha za nchi ya mwanafunzi.

Kikwazo kilichobaki kiko ndani ya uwezo wa vyuo vyenyewe. Julai, mwezi wa kozi hiyo, ni kiangazi kwa watu wa Kaskazini, lakini katika vyuo vingi vya nyumbani ni msimu wa mitihani na wa kusahihisha, na mhadhiri msaidizi anayejifunza usiku kwa kifurushi cha simu, baada ya siku nzima ya kazi, huachwa nyuma tangu wiki ya kwanza. Hilo si uvivu wake. Idara inaombwa impe ruhusa ya maandishi kwa wiki hizo tatu, itenge chumba kimoja chenye intaneti na umeme wa akiba, na iwakutanishe humo mwanahisabati, daktari na mhandisi, kwa kuwa hakuna kati yao anayeimudu taaluma hii peke yake.

Haja ipo, tena kubwa. Huko Kilifi, nchini Kenya, watafiti wamechunguza kwa miaka mingi kifafa na malaria inayoshambulia ubongo wa watoto, maradhi ambayo huacha alama katika mawimbi ya umeme yanayorekodiwa kichwani. Kuzisoma rekodi hizo kwa mifano ya kihisabati ni kazi inayowastahili wataalamu wanaoishi karibu na watoto hao, wanaoweza kurudi wodini na kumuuliza mama jinsi degedege lilivyoanza.