Mbabula Ndani ya Chumba cha Kulala

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba,

Kule Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, kuna joto, mtu analala dirisha wazi. Akipanda mpaka Bibokoboko, baridi ya milima inamfundisha mengine: anafunga mlango, anaziba dirisha kwa kitambaa, anaweka mbabula karibu ya kitanda. Ukimwonya anajibu: « Munganga, nilingoja kwanza moshi uishe. » Neno hilo nimechoka kulisikia.

Kinachoua si moshi. Angalieni mbabula inavyofanya kazi. Hewa inaingia kwa matundu ya chini. Oksijeni yake inakutana na makala ya chini na kuyawasha, nayo inakwisha kabla ya kufika juu. Gesi inayotoka pale inapanda kati ya makala mekundu, inashika kaboni nyingine na kugeuka monoksidi ya kaboni. Gesi hii haina rangi wala harufu. Rundo la makala likiwa refu, nayo inazidi. Ule moto wa buluu unaocheza juu ndiyo gesi yenyewe inaungua. Mama akimwaga makala mapya, au akifunika kwa majivu ili moto ukae mpaka asubuhi, ule wa buluu unazimika na gesi inatoka bila kuungua. Saa mnayoiona ni nzuri kwa kulala ndiyo mbaya.

Watu wa tanuru wanaijua sana. Shaba ya kwanza ya Lubumbashi ilitoka mwaka 1911 katika tanuru ya namna hiyo: koke na mawe pamoja, hewa ikisukumwa kutoka chini. Wataalamu wanaochunguza tanuru kama hizo wanatia vipimo vya joto katikati ya rundo, wanavuta gesi kwa kila kimo, wanaihesabu. Mbabula ni tanuru ndogo, lakini nani anaipima?

Mwaka 1896 John Scott Haldane wa Uingereza alionyesha kwamba wachimbaji wengi waliokufa shimo la makaa lilipolipuka waliuawa na gesi hii, si na moto. Inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Hata ukitoka nje, inahitaji saa 4 au 5 ili nusu yake itoke mwilini.

Dalili zake zinadanganya: kichwa kuuma, kutapika, miguu kulegea. Mtu anafikiri ni malaria, anameza dawa na kurudi kulala mle mle. Wote wa nyumba wakiugua pamoja, wanaanza kumtaja jirani kuwa mtoa sumu. Hilo linanisumbua kuliko yote, maana jirani huyo anaweza kupigwa bure. Kabla ya kumtaja mtu, tazameni kama mbabula ililala ndani.

Ukimkuta mtu amelegea, fungua mlango, mtoe nje upesi, wewe usikawie mle. Kisha mleteni dispanseri, hata akisema amepona. Mama mwenye mimba asingoje hata kidogo, kwa sababu mtoto wa tumboni anaumia zaidi.

Kwa wakubwa nina neno moja. Hewa ya shimo inapimwa, ya nyumba haipimwi. Lakini mfanyakazi aliyevuta gesi usiku kucha anashuka shimoni asubuhi na gesi ile katika damu. Chombo kidogo cha betri kinacholia gesi ikizidi, na blanketi moja zaidi kwa kila kitanda cha kule juu: ndiyo ninayoomba kabla ya majira ya baridi.