Kahawa Yangu Katika Nyumba ya Mvinyo

Leo nina jambo la kuungama, na ni heri niliseme mwenyewe kabla halijasemwa na wengine. Mimi niliyekaa mkekani kwa mwalimu tangu sijajua kufunga kikoi, nikahitimu juzuu zote thelathini, niliingia baa. Niliingia kwa miguu yangu, mchana kweupe, nikaketi humo kwa muda wa saa mbili.

Ilikuwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, Jumamosi tarehe 10 Disemba, 2022. Nilikuwa huko kwa shughuli za mashairi, na siku hiyo Moroko ilicheza na Ureno katika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Qatar. Nilisali adhuhuri katika Msikiti Mkuu wa mji ule, uliofunguliwa mwaka 1985, na kwa kuwa ni msafiri nikaijumuisha na alasiri. Hapo nikajuana na mzee mmoja wa Msumbiji, mzaliwa wa kisiwa cha Ibo, asemaye Kimwani, lugha iliyo jirani na yetu, hata tukawa twaelewana nusu kwa maneno na nusu kwa mikono. Nikamwuliza, "Shekhe wangu, mpira wa leo hutazamwa wapi?" Akacheka. "Hapa mpira na ulevi hukaa nyumba moja. Lakini twende, tutaketi pembeni tunywe kahawa."

Tukenda Mouraria, mtaa wa vichochoro vyembamba na ngazi za mawe, ambao jina lake latokana na Waislamu waliowekwa hapo baada ya mji kutekwa na mfalme wa Wareno mwaka 1147. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa hawi mgeni humo: nguo zaanikwa madirishani, na majirani husemezana dirisha kwa dirisha. Mwenye baa, mama wa makamo, aliiona kofia yangu asiulize kitu. Akaniletea kahawa nyeusi katika kikombe kidogo, tungu kama ile ya dele ya kwetu. Nikawaza kwamba neno meza tulilipata kwa watu hawa, leso ni kwao, na hata mvinyo ni neno lao. Meza nimeikalia, leso nimemnunulia mama watoto, mvinyo ndio niliowaachia wenyewe.

Mechi ilichezwa katika uwanja wa Al Thumama, uliojengwa kwa umbo la kofia wavaayo wanaume wa huko. Wenyeji walikuwa wamekataza bia kuuzwa viwanjani kwa mashabiki wa kawaida, siku mbili tu kabla ya mashindano kuanza. Basi ajabu iliyoje! Wazungu walitazama mpira huko bila chupa, nami mwana wa chuoni nautazama nimezungukwa na chupa.

Dakika ya 42 Yahya Attiat-Allah aliinua mpira, Youssef En-Nesyri akaruka juu kumshinda mlinda lango Diogo Costa, akautia wavuni kwa kichwa. Baa ikanyamaza kama nyumba ya matanga. Mimi na mzee wangu tulishikana mikono chini ya meza tusije tukapiga takbiri. Mara Bruno Fernandes akagonga mtambaa wa panya. Kipindi cha pili Cristiano Ronaldo, aliyeanzia akiba, akaingizwa. Nahodha wa Moroko, Romain Saïss, akatolewa kwa kuumia. Na dakika za nyongeza Walid Cheddira akapewa kadi nyekundu. Moyo ulinidunda kama ngoma ya harusi. Kipenga kilipolia, Moroko ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuingia nusu fainali, mahali ambapo Kameruni mwaka 1990, Senegali 2002 na Ghana 2010 hazikufika.

Mlevi mmoja mzee, macho mekundu, akainuka akaja mezani kwetu. Nilidhani ataka shari. Akatupa mkono, akatupongeza, akarudi kwenye glasi yake. Nikakumbuka Ngome ya Mombasa, walioanza kuijenga Wareno mwaka 1593 hata wakatolewa na Waomani mwaka 1698, nikamshukuru Mungu kwamba leo tumeshindana na hakuna aliyekufa.

Lakini kikombe kilipokwisha, kahawa ilinigeukia uchungu mwingine. Siku chache kabla sijasafiri nilimfokea mwanangu mbele ya wenziwe, barazani, kwa kuwa alionekana akitoka baa usiku wa mechi. Aliniambia, "Baba, nilikunywa soda. Mpira ulikuwa hapo tu, ningekwenda wapi?" Nikamwita mwongo. Sasa na mimi nilitoka baa, na ushahidi wangu ulikuwa kikombe cha kahawa. Nyani haoni kundule.

Niliporudi nilimwita nikamtaka radhi, na nikamtaka mbele ya wenziwe wale wale, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima. Akanibusu mkono. "Yamekwisha, baba," akasema. "Lakini bado hatuna pa kutazamia."

Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Sisemi baa ni halali. Tumefunzwa kuiepuka meza inayopitishwa ulevi, na kosa langu siligeuzi fatwa. Nasema kwamba udhuru wangu wa mgeni wa siku moja ulikuwa dhaifu, ilhali kijana wetu yumo katika dhiki hiyo kila wiki. Mechi za Ulaya huja usiku, na ada ya kuzipata nyumbani si ya mfuko wa kila mtu. Baa ina kioo kikubwa na viti vizuri, na aghalabu jirani yake pana duka la kamari. Sisi twampa nini kijana? Twampa lawama. Kumbi zetu zimefungwa kufuli baada ya isha, na sebule za wenye uwezo hazina mgeni.

Wako watakaosema mpira ni upuuzi. Nawakumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki msikitini, naye Bibi Aisha akitazama. Na wachezaji wa Moroko walipoitoa Uhispania tarehe 6 Disemba, walisujudu uwanjani ulimwengu wote ukiwaona.

Rai yangu ni nyepesi. Kila mtaa ufungue ukumbi mmoja siku za mechi. Pawe na televisheni, kahawa na mahamri, kamari isiingie, mtu mzima mmoja aketi na vijana, si kuwapeleleza bali kuwa nao, na adhana ikilia kioo kizimwe, watu wakasali, kisha warudi. Fainali za Afrika za 2027 zimepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Tusingoje mpira ufike mlangoni petu ndipo tutafute ufunguo.

Mimi nimeanza na sebule yangu. Ni ndogo, yachukua watu kumi na wawili wakibanana, na kahawa ni juu yangu. Wewe mwenye ukumbi mkubwa kuliko sebule hii, wangoja nini?