Mkaguzi wa leseni za kompyuta si polisi

KATIKA maduka ya steshenari ya Kasulu na Kibondo, kompyuta ni nyenzo ya kazi kama mizani ilivyo kwa muuza nafaka. Ni wamiliki wachache wanaojiuliza kama programu zilizomo zimelipiwa. Siku watakapopokea barua ya kampuni ya ng’ambo inayotaka kukagua leseni, wengi watashtuka na kufungua mlango, au watalipa bila kuuliza.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, bila kulazimu isajiliwe. Anayetumia nakala isiyo na leseni anaweza kudaiwa fidia mahakamani, na anayefanya hivyo kibiashara anaweza kushitakiwa kwa jinai. Katika hilo hakuna mjadala.

Swali la msingi ni hili: nani ana uwezo wa kuingia dukani na kuwasha kompyuta ya mtu mwingine?

Kwa kampuni binafsi, uwezo huo huzaliwa na mkataba. Leseni ikiwa na kifungu cha ukaguzi, kampuni inafungwa na masharti yake: taarifa ya siku ngapi, saa za kazi, na nani analipa gharama. Mteja akikataa, amevunja mkataba. Lakini dawa yake ni mahakama, si kusukuma mlango. Pasipo kifungu hicho, barua hubaki kuwa ombi.

Polisi ni suala jingine. Upekuzi wao unaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, nayo inataka vitu vinavyochukuliwa viandikiwe stakabadhi. Ibara ya 16 ya Katiba nayo inalinda faragha ya mtu.

Hata Uingereza, katika shauri la Anton Piller la mwaka 1975, Mahakama ya Rufaa iliruhusu mdai aingie kwa mdaiwa kutafuta ushahidi, lakini ikasisitiza kuwa amri hiyo si hati ya upekuzi.

Lipo pia jambo la wateja. Kompyuta ya steshenari hubeba vyeti, barua za kazi na namba za vitambulisho vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu mwenye duka kumwachia mgeni yeyote taarifa hizo kiholela.

Busara basi ni kutunza risiti na leseni, kusoma mkataba kabla ya kubofya “nakubali”, kudai kitambulisho na maandishi, na kumwona wakili kabla ya kulipa. Asiye na fedha za leseni anazo programu halali za bure, kama LibreOffice.

Haki ya mwenye programu ni ya kweli. Lakini haki hiyo haimfanyi kuwa askari, na woga wa mfanyabiashara mdogo haupaswi kugeuzwa hati ya upekuzi.