Kabla ya kuagiza turbo, shika mipira kwanza

Ndugu mwandishi, katika makala yako umekimbilia kushauri turbo ibadilishwe mapema mno. Kwetu mjini Kasongo kipuri hicho hutoka mbali na bei yake inauma.

Kibasi cha mazutu kikikosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, kwanza tafuta hewa inayovuja. Barabara yetu ya kwenda Kabambare hulegeza kila klipu ya mipira. Pita na mkono chini ya mipira mikubwa ya hewa: palipolowa mafuta na kugandisha vumbi jekundu, hapo ndipo pumzi inatokea.

Mpira mwembamba unaokwenda kwenye kikopo chenye fimbo kando ya turbo ndio mkorofi zaidi. Kwa turbo ya zamani yenye mlango wa kupunguza presha, mpira huo ukichomoka, mlango haufunguki na presha inapita kiasi. Gari lenye kompyuta hukata mafuta, na dereva analaumu pampu ya mazutu bure. Turbo inayotawaliwa na vakiumu ni kinyume: mpira ukivuja, fimbo haivutwi, gari linabaki zito. Washa injini utazame fimbo. Isiposogea, fuata mpira hadi pampu ya vakiumu. Pampu hiyo husaidia pia breki, kwa hiyo pedali ikiwa ngumu umeshapata ushahidi kwamba vakiumu ni dhaifu.

Halafu kuna mafundi wanaofupisha fimbo ili presha ipande na gari "liamke". Linaamka kweli, hasa likiwa tupu. Lipakie mihogo na abiria, lipande kutoka bonde la Luama, uone gasketi ya kichwa cha injini itakavyokujibu.