Lenzi Ndefu ya Nini Lobule?

Vijana wenzangu wa Arua na Koboko, pesa ya kikundi inatosha lenzi moja tu, na wengi mnataka ile ndefu, milimita 70 hadi 300. Ya nini? Hatuendi kupiga picha za tembo Murchison. Sisi tunapiga picha za watu.

Ingia nayo darasani hapa Lobule. Hata ukirudi nyuma mpaka ukutani, utapata sura mbili tatu, darasa hulipati. Ile ya 18 hadi 135 inachukua karibu darasa zima, halafu unavuta mpaka kwenye mkono wa mtoto anayeandika, bila kubadilisha lenzi kwenye vumbi letu hili.

Mtasema ndefu haisumbui watu. Hapo ndipo ubaya ulipo! Mama yuko kwenye foleni ya chakula, anapigwa picha kutoka mbali, hajui, hajaulizwa. Ndugu zetu wa mashirika, na nyinyi mnasikia? Mkimbizi si mnyama wa kuviziwa.

Lenzi ya kazi zote inakutaka usogee. Ukisogea utasalimia, utaomba ruhusa, utasema picha inaenda wapi. Akikataa, funga kamera. Basi tununue ya 18 hadi 135.