AFYA NA NYUMBA: Mtu Mnene na Safari ya Mlima

Aghalabu mtu mwenye mwili mkubwa huambiwa kwamba hana budi kukonda kwanza ndipo afikirie kupanda mlima. Maneno hayo yamewabakiza nyumbani akina mama na akina baba wengi, ilhali jamaa zao wakienda Mlima Elgon, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambao kilele chake Wagagai kina urefu wa meta 4,321. Jambo linalotakiwa ni kuipanga safari ilingane na mwili ulivyo.

Kwanza, msafiri aende zahanati akapimwe shinikizo la damu na sukari. Kisha afanye mazoezi kwa muda wa miezi miwili au zaidi: atembee mwendo mfupi, auongeze kidogo kila juma, na mwishowe apande vilima akiwa na mzigo. Asijinyime chakula ili apungue kabla ya safari, kwa kuwa mwili wenye njaa hushindwa njiani.

Kuchagua njia ni jambo kubwa. Njia ya Sasa, inayoanzia Budadiri, ni fupi na kali. Ile ya Piswa, inayoanzia Kapkwata, ni ndefu zaidi lakini hupanda taratibu. Mtu mzito yampasa kuichagua ya pili na kuongeza siku, wala asione haya kumwajiri mpagazi.

Viatu vijaribiwe jioni, wakati miguu imevimba, tena kwa soksi zile zile za safari. Vidole vipate nafasi mbele, na viatu vivaliwe majuma kadhaa kabla ya kwenda. Kucha zikatwe. Mahali panapoanza kuungua pafungwe plasta papo hapo, kabla ya malengelenge kutokea.

Mapaja yanayosuguana huweza kuikatiza safari kuliko uchovu. Dawa yake ni kaptula ya kubana inayofika karibu na magoti, ivaliwe ndani ya suruali, pamoja na mafuta ya mgando yapakwe asubuhi na kila baada ya saa chache. Jioni ngozi ioshwe na kukaushwa vizuri.

Mkanda wa shanta ufungike kiunoni ili uzito ukae nyongani, usining'inie mabegani. Usipofika, fundi cherehani auongeze. Fimbo mbili huyapunguzia magoti mzigo, hasa wakati wa kuteremka, ambapo hatua ziwe fupi. Mfuko wa kulalia nao ujaribiwe nyumbani. Usiofungika hauzuii baridi ya usiku.

Sasa juu ya mwendo, ambapo makosa mengi hutendeka. Katika kundi, wenye miguu myepesi hutangulia, hukaa chini, hupumzika. Yule wa nyuma akifika akitweta, wenzake huinuka na kuendelea. Hivyo aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika hata mara moja. Si ajabu kwamba siku ya pili hukata tamaa na kurudi, na lawama zikautupiwa mwili wake. Kundi lenye busara humweka mtu wa pole mbele, na hakuna ampitaye. Mwendo ufaao ni ule ambao mtu aweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mume aliye askari asimfanye mkewe kuruta. Mlimani hakuna paredi.

Maji yanywewe kidogo kidogo mara kwa mara, na chakula vivyo hivyo: karanga, ndizi, mkate, viazi vya kuchemsha.

Kupita meta 2,500 hivi, hewa nyepesi huweza kuumiza kichwa na kutia kichefuchefu, mtu awe mnene au mwembamba. Mwenye dalili hizo asipande zaidi, zikizidi, ateremke. Anayeumwa kifua, anayetweta hata akiwa amekaa, au anayeyumba na kuchanganyikiwa, ateremshwe mara moja, bila kungoja asubuhi.

Familia inayoyashika haya itakwenda pamoja na kurudi pamoja. Kufika kileleni kwa kuchelewa saa mbili si aibu. Aibu ni kumwacha mama wa nyumba peke yake njiani. Mwenda pole hajikwai.